Siku Mtani Wetu Alipopata Choo

Magoti ya shangazi yangu yalistaafu kabla yake. Ulimi ulikuwa bado uko kazini, macho yaliona nani kapita barabarani na kavaa nini, masikio yalisikia hata yasiyomhusu, lakini magoti yaligoma kabisa. Akishakaa chini, kumwinua ilikuwa shughuli. Na choo chetu pale nyumbani Gongoni kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, kule mwisho wa ua nyuma ya mpapai, mahali ambapo babu alikiweka ili harufu isiwafikie wageni. Babu aliwafikiria sana wageni. Magoti ya binti yake hayakumjia akilini.

Mvua za mwaka ule aliteleza akienda huko, akavunjika mkono. Nilimkuta amekaa kwenye tope, mkono mmoja umening'inia, mwingine bado umeshika kopo la maji, na badala ya kulia alikuwa ananisema mimi.

"Mwalimu mzima," alisema. "Unafundisha watoto wa watu mito ya Ulaya, nyumbani kwako shangazi yako anaogelea."

Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, kwa hiyo kila alichonisema alikuwa na haki nacho, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikaapa mbele yake kwamba mvua zinazofuata hazitamkuta tena njiani. Nitamjengea choo cha kukaa, karibu na mlango wa nyuma, chenye sakafu isiyoteleza na chuma cha kushika ukutani. Akasema, "Haya, tutaona," kwa sauti ile ya mtu ambaye ameshaona.

Kiangazi kilipofika nikaleta wachimbaji kutoka Cheyo. Siku ya kwanza walichimba vizuri wakiimba. Siku ya pili wakanyamaza. Nilipotoka kuangalia kulikoni, nikamkuta mkubwa wao ameweka sururu chini, ameshika kiganjani ushanga wa buluu, kipande cha bakuli lenye maua na waya wa shaba uliojikunja.

"Mwalimu," alininong'oneza, "hii ni mali ya Mjerumani."

Asiyeishi Tabora lazima aelezwe. Kwetu kitu chochote kinachong'aa ardhini ni mali ya Mjerumani. Inasemekana alipokuwa anakimbia vita hakufanya kazi nyingine ila kufukia dhahabu, chini ya kila jengo la zamani, kila mti mkubwa na kila njia panda. Alipata wapi nafasi ya kukimbia, hilo hakuna aliyewahi kunifafanulia.

Kufika alasiri ua wetu ulikuwa umejaa watu. Mmoja alishauri achinjwe mbuzi mweusi. Mwingine alikuja na simu aliyosema inatambua madini, akaizungusha zungusha, ikalia kwa nguvu juu ya ndoo yangu. Mwishowe akaja mtendaji wa mtaa, akachungulia shimoni mikono nyuma, akaamuru kazi isimame mpaka waje wataalamu wa mambo ya kale.

"Lakini hiki ni choo," nilimwambia.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini ni choo chenye historia."

Nilimwona mjinga. Kumbe ndiye mtu pekee siku ile aliyesema jambo la kweli, ingawa naye hakujua.

Shimo likabaki nusu, limezungushiwa kamba. Shangazi akaendelea kusafiri hadi kwenye mpapai akiniegemea begani, na kila tukilipita lile shimo alikuwa anatazama mbinguni, kisha ananitazama mimi. Ningefurahi kama angesema.

Mtaalamu alikuja asubuhi moja na wasaidizi wake, ndani ya gari lililojaa machekeche, ndoo, brashi na kamba. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mnene kidogo, na kofia pana ya kitambaa iliyomfunika hadi mabegani. Kwa kuwa tuliambiwa anaitwa Daktari, tayari majirani walikuwa wamejipanga barazani, mmoja na presha yake, mwingine na mtoto mwenye kikohozi. Ilibidi niwaeleze kwamba huyu anatibu watu waliokwisha kufa zamani. Waliondoka wakinung'unika kwamba serikali inawapotezea watu muda.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake. Alipoona kofia ile na gari lile, akaona huyu mgeni anastahili salamu ya kwetu.

"Mwangaluka," alisema kwa Kinyamwezi.

Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye, jasho likamtoka, kisha akajibu kile kilichomjia kwanza kinywani.

"Marahaba."

Jirani yetu aliyekuwa akimenya karanga akasimamisha mikono. Mwanamume wa makamo alikuwa amemwitikia marahaba bibi mwenye umri wa kumzaa mama yake.

"Umeitika shikamoo yangu?" Shangazi aliuliza taratibu.

"Samahani, Bibi! Shikamoo! Shikamoo sana!"

"Marahaba. Kwenu ni wapi wewe, ambako wazee wanawaamkia watoto?"

"Mimi Mzaramo, Bibi. Kwetu Kisarawe."

Shangazi alipiga kofi pajani, pamoja na kwamba mkono ulikuwa ndio kwanza umepona. "La ilaha! Mtani! Nami nilikuwa najisumbua kushangaa! Mzaramo ataijua wapi salamu?" Na hapo hapo akanyoosha mkono, akamvua Daktari kofia, akaivaa yeye. Daktari alibaki kichwa wazi kwenye jua la Tabora, anacheka. Hakuiomba. Alijua sheria.

Sheria yenyewe ilitengenezwa barabarani. Babu zetu walitembea kutoka hapa na pembe za ndovu mabegani hadi pwani, na kabla hawajaiona bahari ilibidi wapite kwa Wazaramo, ambao walisimama njiani wakidai chochote. Walipigana kwanza. Walipochoka kupigana wakaanza kutaniana, na hicho ndicho kilichobaki baada ya pembe na misafara kwisha. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na kuchukua kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika, ukikasirika umeshindwa. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuvurugia msiba. Anaingia kaburini kabla ya marehemu, anajilaza humo, anakataa kutoka mpaka wafiwa wamgomboe kwa kitu anachokitaka. Nimeona watu wakicheka pale na machozi hayajakauka mashavuni.

Basi kazi ikaanza upya, na mimi nikaanza kupata maradhi ya roho.

Sikuwahi kuona uchimbaji wa namna ile. Waliweka vigingi, wakafunga kamba, wakapima, kisha badala ya sururu wakashika brashi. Brashi! Daktari alipiga magoti mchana kutwa akipangusa udongo kama mtu anayemwamsha mtoto usingizini. Kila ndoo ya udongo ilipitishwa kwenye chekeche. Nilirudi kutoka shule na kukuta shimo limeongezeka kina cha chapati.

"Daktari," nilimwambia, "kwa mwendo huu mvua zitanyesha, zitakwisha, na mimi nitakuwa nimeshastaafu."

"Mwalimu, ardhi ina matabaka. Ukiruka moja umepoteza habari yake."

Akanionyesha matabaka yake ukutani mwa shimo kwa ncha ya kidole. Juu kabisa, mifuko ya plastiki na vizibo vya soda. Chini yake, vipande vya sufuria za bati lililopakwa rangi. Chini zaidi, udongo mwekundu uliotulia. Na chini ya huo, alisema, wapo watu wa misafara, waliofika hapa wamechoka, wakapumzika, wakanunua mtama na majembe, wakasubiri njia ifunguke. Nikiri kwamba ilinivutia. Lakini mtu huwezi kuvutiwa vizuri wakati shangazi yako anakwenda chooni kwa kushika ukuta.

Shangazi kwa upande wake alikuwa na raha tele. Kila asubuhi alipelekewa kiti karibu na kamba, amevaa kofia ya watu, akawa msimamizi. Siku moja Daktari aliinua kichwa.

"Bibi, hujauona mwiko wangu?"

Alikuwa na maana ya ule mwiko wa chuma, kama wa fundi mwashi, anaokwangulia udongo. Shangazi akaita jikoni, ukaletwa mwiko wa kusongea ugali, akampa. Daktari aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akautumia kuchota udongo mbele yake mpaka saa ya chakula. Chakula chenyewe kilikuwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vilivyopikwa kwa karanga. Daktari alitafuna, akaacha kutafuna, akauliza kama hiki kiatu kilikuwa cha kushoto au cha kulia. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Akamwongezea sahani nyingine, naye, kwa sheria ile ile, akaimaliza.

Alasiri moja nilikuwa ndio kwanza narudi. Shangazi na yule jirani wa karanga walikuwa barazani mbele. Ghafla kutoka uani ikapanda sauti ya Daktari, kubwa, ya furaha, sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Nimepata choo! Jamani, nimepata choo!"

Wapita njia waligeuka. Jirani akainua mikono. "Alhamdulillahi. Maskini, kumbe alikuwa amefunga?"

"Ni michembe yangu," alisema Shangazi kwa huruma. "Nilimwambia anywe maji."

"Kikubwa sana!" Daktari akazidi kupaza sauti. "Njooni muone!"

"Hapana, baba, tunakuamini!" jirani akamjibu.

Ndipo uso wa Shangazi ukabadilika. Nililiona wazo likimwingia. "Mwanangu," aliniambia, "huyu hasemi tumbo. Huyu kamaliza choo changu. Nipe kopo."

Nilijaribu kumweleza. Hakusikia. Alijifunga kanga vizuri, akachukua kopo lake la maji, akaingia uani akiniegemea, amenyooka kuliko nilivyomwona tangu avunjike mkono. Daktari alikuwa shimoni, uso wote vumbi, amefungua mikono. "Bibi," alisema, "choo!"

Shangazi alichungulia. "Mbona hakina mlango?"

Daktari akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo kopo lilivyoshuka. Ndani ya shimo letu lilikuwamo shimo jingine, la zamani, la duara, lililojaa udongo mweusi laini. Choo cha enzi za misafara. Kwake yeye hakuna neema kubwa kuliko hiyo, kwa sababu watu hutupa chooni vitu wanavyovunja na wasivyotaka vionekane, na vingine huwadondoka wenyewe. Akatuonyesha alivyovitoa: shanga nyekundu na nyeupe, kiko cha udongo, vigae vya mabakuli kutoka ng'ambo, mifupa ya kuku waliotafunwa vizuri, vipande vya chupa. Waliokaa kiwanja hiki, alisema, walikula na wakanywa.

Siku zote Shangazi aliwaambia watu kwamba ua wetu ulikuwa wa wakubwa wa misafara. Sasa ushahidi ulikuwa umepatikana, ingawa umepatikana chooni.

"Hao wakubwa," aliuliza, "walikaa au walichuchumaa?"

"Walichuchumaa, Bibi."

"Walikuwa na magoti."

Halafu akauliza jambo jingine, kwa sauti ya chini. "Na wale waliopitishwa hapa wamefungwa? Hawakuacha kitu?"

Daktari alivipangusa viganja vyake. Kwa mara ya kwanza tangu aje hakutafuta utani. "Wale hawakuwa na cha kudondosha, Bibi."

Wasaidizi wenyewe waliacha kuchekecha. Nilifundisha habari za njia ile miaka mingi, nikaichora ubaoni kwa chaki, na sikuwahi kuisikia imekaa uani kwangu namna hiyo.

Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kusahau kilichomleta. "Haya. Mimi nitaanza lini kukaa hapa?"

Daktari akameza mate. Hapo hapachimbwi tena, alisema. Wakimaliza kupima na kupiga picha watapafukia kwa mchanga, na pataachwa hivyo hivyo. "Bibi, nisamehe. Kuchimba choo hapa sasa ni mwiko."

Mimi nililipuka. Nilisema maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyasema, na mengine nisiyojua kama nilikuwa nayo. Nilimwambia kwamba amekuja na brashi zake akaniibia kiangazi kizima. Nilimwambia kwamba marehemu wa misafara wana choo na walio hai hawana, na kama kuna mtu wa kuteleza tena kwenye tope lile nitampigia simu yeye aje kumwinua, aje na chekeche lake amkusanye. Daktari aliinamisha kichwa. Shangazi alimwaga maji ya kopo chini ya mpapai, akaomba arudishwe ndani.

Niliumia sana jioni ile. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Urambo.

Kulipokucha nikasikia wasaidizi wanabishana uani. Nikatoka mbio na mswaki mdomoni. Shangazi alikuwa chini kabisa, ndani ya shimo, amekaa juu ya kigoda, kofia kichwani, tasbihi mkono mmoja na mwiko wa chuma wa Daktari mkono mwingine. Alikuwa amewaambia wasaidizi anataka kukiona choo cha wazee wake kabla hakijafukiwa, nao, kwa adabu, wakambeba hadi chini kwa ngazi walizochonga udongoni. Alipofika akaomba kigoda. Alipokaa akawaambia waende zao.

Daktari alikuwa ukingoni, ameshika kiuno.

"Bibi, tunaomba utoke. Leo tunapiga picha."

"Sitoki. Wewe Mzaramo ulisema mwiko. Huu hapa, ninao mimi. Na mimi ni mtani wako, nimo kaburini, nigomboe."

"Bibi, hili siyo kaburi!"

"Wamezikwa nani humu? Si ulisema ni watu wa kale? Nigomboe."

Wasaidizi walianza kucheka, wakajizuia, wakashindwa. Majirani wakajaa tena, safari hii bila kumkumbuka Mjerumani. Daktari akatoa kopo la kahawa. Shangazi akalikataa. Akatoa tochi yake nzuri ya kuvaa kichwani. Shangazi akaiomba aione, akaivaa juu ya kofia, akakataa kutoka. Mbali huko radi ikanguruma, ya kwanza ya mwaka, na sote tukatazama juu. Daktari alitazama juu, akamtazama bibi yule aliyekaa kwenye matabaka yake na taa kichwani, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba huu siyo utani wa michembe. Alivua miwani, akaifuta.

"Unataka nini, mtani?"

"Choo. Kabla ya mvua. Na uchimbe wewe."

Jirani akapiga kigelegele. Daktari akashuka ngazi moja moja, akampa mkono.

"Toka, mtani. Nimeshindwa."

Yaliyofuata Gongoni wanayasimulia mpaka leo. Siku ile ile Daktari alipima upande wa pili wa mlango wa nyuma, akachekecha udongo wake kwanza, asije akapata choo kingine. Alichopata ni vizibo vya soda na gololi ya kioo. Nikaitambua. Niliipoteza nikiwa darasa la awali na nikaililia wiki nzima. Shangazi alisisitiza iwekwe pamoja na vitu vya kale, akinitazama kichwani, kwenye mvi.

Kisha wataalamu wale wakachimba shimo la choo kwa njia wanayoijua, yaani kwa kamba, timazi na kipimo, kuta zimekatwa zikanyooka kama mkate. Kila asubuhi Shangazi aliwaazima mwiko, kila jioni aliudai. Naye alikagua.

"Kona ile imepinda."

"Bibi, ni choo. Itajengewa matofali."

"Imepinda."

Daktari akashuka, akakwangua, akanyoosha. Fundi wa matofali alipokuja alisimama ukingoni muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini tunamzika nani.

Bati la mwisho lilipigiliwa matone ya kwanza yakidondoka. Shangazi akaingia, akafunga mlango. Sote tulikuwa uani, tunalowa, tunasubiri, pamoja na Daktari na wasaidizi wake na jirani na karanga zake. Mvua ikapiga bati. Kisha sauti ikatoka ndani.

"Mwalimu!"

"Naam, Shangazi."

"Hata yule Mjerumani hakukaa hivi."

Siku Daktari alipoaga, alirudishiwa kofia na tochi. Mwiko hakurudishiwa. Aliuomba kwa heshima, akisema amechimba nao tangu alipokuwa mwanafunzi, mpini umezoea mkono wake. Shangazi aliupeleka jikoni akautia ndani ya mtungi wa miiko mingine.

"Utauchukua siku ya kunizika," alisema. Daktari alicheka. Yeye hakucheka.

Alikikalia choo kile mvua zile zote na mvua za mwaka uliofuata, hakuteleza hata mara moja. Kila Ijumaa alimpigia Daktari simu kumuuliza kama Wazaramo wameshajifunza kusalimia, naye alimjibu kwa kuitika marahaba kabla hajasalimiwa, na jikoni nilikuwa nawasikia wakitukanana kwa mapenzi mpaka salio liishe.

Alikufa alfajiri moja ya kiangazi, usingizini, bila kumsumbua mtu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilimpigia Daktari nikiwa sijui hata ninasema nini. Kumbe alikuwa huku huku, Urambo, anaifuata ile njia ya misafara na brashi zake. Alisema neno moja tu, "Nakuja."

Tulifika makaburini baada ya swala ya adhuhuri. Jeneza likawekwa chini, watu wakasogea. Ndipo nikaona kofia pana inapita katikati ya kanzu. Daktari hakunisalimia. Alivua viatu, akashuka kaburini, akajinyoosha chali, akafumba macho.

Minong'ono ikazuka. Shehe akainama ukingoni. "Mtani, utani tunaujua, lakini jua linakwenda. Kwa hisani yako."

"Sitoki," ilisema sauti kutoka chini. "Nimedhulumiwa na huyu bibi. Nataka mwiko wangu."

Nilipanda bodaboda kurudi nyumbani. Wanawake walikuwa uani na masufuria ya msiba. Niliukuta mtungi, nikamwaga miiko yote chini, haumo. Jirani wa karanga akainua mkono kutoka kwenye sufuria kubwa la pilau. Alikuwa anakwangua ukoko kwa mwiko wa mambo ya kale. "Huu ndio imara," alijitetea. Nikamnyang'anya, nikarudi nao mafuta yakinichuruzika mkononi, nacheka peke yangu juu ya bodaboda kama mwendawazimu, na dereva akanipa pole mara mbili.

Niliinama nikampa. Nilidhani atatoka. Aliupangusa kwenye suruali yake, akasimama, akafumba jicho moja, akautazama ukuta wa kaburi kuanzia juu hadi chini.

"Kona hii imepinda," alisema. "Angenisema."

Akapiga magoti, akaanza kuikwangua. Hakuna aliyemharakisha, hata Shehe. Alikwangua taratibu, akakusanya udongo kwa kiganja, akautoa nje, akapima tena kwa jicho, akarudia mahali ambapo mimi sikuona kasoro yoyote. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nami nililia hapo, waziwazi, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, wala sikuona haya.

Alipomaliza alibaki amesimama humo, mwiko mkononi, kama mtu asiyejua afanye nini baadaye. Nikamnyooshea mkono.

"Toka, mtani," nilimwambia. "Tumeshindwa."

Akatoka, tukamshusha Shangazi.